Hadi Kesi Iamuliwe

Saa kumi na mbili na robo asubuhi Gladwell Wakonyo alichovya kitambaa kwenye karai la maji ya uvuguvugu, akakikamua, akampangusa mumewe uso, shingo na kwapa. Kisha akamgeuza kutoka ubavu wa kulia hadi wa kushoto. Tabibu Rotich, ambaye zahanati yake ilikuwa njia panda, alikwisha kumweleza kwamba hapakuwa na haja. Kagwe hakutoka jasho, hakupata vidonda vya kulala, na ndevu zake hazikuwa zimeota tangu tarehe kumi na nne Mei ya mwaka juzi, saa tano na dakika arobaini. Wakonyo alimgeuza hata hivyo, kwa sababu mgonjwa hugeuzwa.

Alimwekea chai kwenye stuli. Chai ilinunuliwa kwa pesa ya maziwa, kwa hiyo ilipoa kama chai yoyote. Shuka zilikuwa zimechakaa na kubadilishwa mara mbili. Kagwe peke yake ndiye aliyebaki kama alivyokuwa, kwa kuwa upasuaji wake ulilipiwa kwa sarafu ya kwenye simu.

Upasuaji haukumponya. Walimfungua tumbo katika hospitali moja mjini Kitale, wakatazama ini, wakamshona. Tarehe kumi na tatu Mei alirudishwa nyumbani, na daktari akasema siku nne, tano zikizidi. Kesho yake mjini Bungoma serikali ilimfikisha mahakamani mtu aitwaye Mbogo, mwenye sarafu ile, kwa mashtaka ya ulaghai na ya kuendesha biashara ya fedha za mtandaoni bila leseni. Ili ushahidi usipotee, hakimu aliamuru kwamba kila kilichonunuliwa au kulipiwa kwa sarafu hiyo kibaki kama kilivyokuwa saa ile, hadi kesi iamuliwe. Amri ilikuwa ya kurasa mbili, ikagongwa muhuri, ikatiiwa.

Wakonyo alikunywa chai ya mumewe ilipopoa, akavaa koti lake la kanisani, akamwachia binti yake Ciru maagizo ya ng'ombe wa maziwa, akaondoka kwenda Bungoma. Kesi ilikuwa inatajwa kwa mara ya kumi na tisa.

*

Kikundi kiliitwa Ghala Moja. Kilikuwa na wanachama thelathini na mmoja, nusu wakulima wa upande wa Kitale na nusu wa upande wa Bungoma, waliojuana katika kozi ya wiki moja ya kuhifadhi nafaka huko Mabanga. Nje ya lango la kozi hiyo Mbogo alikuwa akiuza magunia yasiyopitisha hewa. Magunia yake yalikuwa mazuri. Hilo Wakonyo alilisema mahakamani alipoulizwa, kwa sababu lilikuwa kweli.

Miaka mitatu baadaye Mbogo alirudi na jambo jingine. Sarafu moja ya kwenye simu, alieleza, ni sawa na gorogoro moja ya mahindi iliyolala ghalani mwake. Mahindi yakipanda bei, sarafu inapanda. Hakuna fukusi, hakuna ukungu, hakuna dalali. Wakulima waliokuwa wamepoteza theluthi ya mavuno kwa fukusi walielewa upesi. Kagwe, mwenyekiti, alielewa kuliko wote. Alisimama kanisani na katika mikutano ya kikundi, akaeleza kwa utaratibu kama mtu anayesoma tangazo la chifu. Waliuza mahindi ya misimu miwili wakanunua sarafu. Faida ilitoka mara mbili. Kwa faida hiyo Makokha wa Mabanga alinunua mbegu na mbolea, Phelista wa Kibabii alinunua ng'ombe mwenye mimba, na Kagwe, ambaye ini lilikuwa limeanza kumuuma, alilipia upasuaji. Faida ya tatu haikutoka.

Kulikuwa na jambo la maneno. Mbogo aliwapa pochi moja ya simu kwa kikundi chote, na pochi hiyo ilifunguliwa kwa maneno kumi na mawili, yakitajwa kwa mpangilio. Watu wengine wangeyaandika maneno yote kwenye karatasi na kuifungia kabatini. Ghala Moja walifanya kama walivyofanya siku zote. Sanduku lao la chuma lilikuwa na kufuli tatu, na kila ufunguo ulikaa kwa mtu wake, ili hata mmoja akishikwa na tamaa sanduku lisifunguke. Basi waliyagawa maneno hivyo hivyo. Makokha, mweka hazina, alipewa manne ya kwanza. Phelista, katibu, alipewa manne ya kati. Kagwe alichukua manne ya mwisho. Kila mtu alichomewa karatasi yake mbele ya mkutano baada ya kuyakariri. Katiba ya kikundi ilisema mke asishike ufunguo wa mume wala mume wa mke, na jambo hilo liliandikwa tena kwenye kumbukumbu za siku ile.

Jioni ya tarehe kumi na tatu Mei, aliporudishwa kutoka hospitali, Kagwe alimwita mkewe ainamishe sikio. Akamwambia maneno manne. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi miaka tisa, na hilo ndilo kosa pekee alilowahi kufanya dhidi ya katiba yake.

Wakonyo hakumwambia mtu.

*

Makokha alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya chumba cha mahakama, kofia magotini.

"Mama Ciru, umefika? Mzee anaendelea aje?"

"Vile vile."

"Hata mahindi yangu ni vile vile. Imefika hapa kwa goti, imekataa. Juzi mjukuu ananiuliza, ati Kuka, hii umepanda ni maua? Nikamwambia ndiyo, ni maua ya serikali, usiguse."

Watu wawili kwenye benchi walicheka. Phelista hakucheka. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuongoza kwaya.

"Makokha wacha mzaha. Yako ni mahindi bana. Mahindi haina macho."

"Sikusema ina macho, mama. Nimesema imekataa."

Mbogo alifika akiwa peke yake, akawapa mkono mmoja mmoja. Alikuwa mtu wa heshima, na hakuwahi kupita watu bila kuwasalimu. Gari lake lililipiwa kwa pesa za sarafu na lilikuwa chini ya amri kama vitu vingine. Siku ya amri lilikuwa barabarani na tangi limejaa, kwa hiyo lilibaki barabarani na tangi limejaa. Hakuwa amenunua petroli kwa miezi ishirini na miwili.

"Mama, pole na safari. Mzee wetu amepata nafuu kidogo?"

"Hapana," Wakonyo alisema.

"Tunamwombea," Mbogo alisema, na pengine alikuwa akimwombea.

Mahakamani mambo yalikwenda kama mara kumi na nane zilizotangulia. Kiongozi wa mashtaka, mwanamke kijana aitwaye Peris, aliomba kielelezo cha pochi kifunguliwe. Ndung'u, fundi wa kompyuta aliyeletwa na serikali, akafungua mashine yake. Makokha akasimama na kusema, "Mwiko. Daraja. Asali. Jembe." Phelista akasimama na kusema, "Pazia. Mlima. Kikapu. Taa." Kwenye ukuta, ambako mashine ilimulika, visanduku vinne vya mwisho vilibaki vitupu.

Wakili wa Mbogo alisema alichosema siku zote. "Mheshimiwa, mteja wangu hajaiba kitu. Mali ya hawa wazee iko ndani ya pochi yao. Wafungue waone."

Hakuna aliyemwamini. Kila mmoja katika Ghala Moja alijua pochi ilikuwa tupu na kwamba siku itakapofunguliwa wizi wa Mbogo utaonekana ukutani. Walichohitaji ni maneno manne tu.

Hakimu akauliza kama mwenyekiti alikuwa ameweza kusema. Wakonyo alisimama.

"Bado, mheshimiwa."

"Na wewe mkewe, hakukuachia maneno hayo?"

"Katiba ya kikundi hairuhusu mke kushika ufunguo wa mumewe, mheshimiwa."

Kila neno la jibu hilo lilikuwa kweli. Hakimu aliandika. Kesi iliahirishwa hadi mwisho wa mwezi wa tano.

Wakonyo alikuwa amepiga hesabu siku nyingi. Maneno manane pamoja na manne ni kumi na mawili. Maneno kumi na mawili ni ushahidi, ushahidi ni hukumu, hukumu ni mwisho wa amri, na mwisho wa amri ni siku nne, tano zikizidi, ambazo moja ilikwisha kutumika. Kagwe alikuwa na umri wa miaka sitini na moja, naye Wakonyo alikuwa na hamsini na tisa siku ya amri. Sasa alikuwa amebakiza miezi michache tu amfikie. Jioni alikaa kando ya kitanda akamsomea bei za mahindi kutoka kwenye simu. Alimweleza jinsi Ciru alivyohitimu chuo kikuu pale Kibabii na jinsi joho lilivyomzidi urefu. Hakujibiwa, lakini katika ndoa ya miaka thelathini na sita hilo halikuwa geni kabisa.

*

Walipotoka, Phelista alimshika mkono.

"Leo twende kwangu. Si mbali. Unakula chakula, halafu unaona ng'ombe yangu."

"Nimeisikia, Phelista."

"Umeisikia. Hujaiona."

Zizi lilikuwa nyuma ya jiko, limefagiliwa. Ng'ombe alikuwa mwekundu mwenye baka jeupe kifuani, amelala ubavu juu ya nyasi kavu, shingo imenyooshwa. Saa tano na dakika arobaini ya siku ya amri alikuwa anazaa. Kwato mbili za mbele za ndama zilikuwa zimetoka, laini na za rangi ya manjano, na nyuma yake ncha ya pua. Zilikuwa hivyo hivyo hadi leo. Phelista alikuwa amejenga kibanda cha mabati juu yake ili mvua isimpige.

"Nilifikiri amelala," Phelista alisema. "Mwaka wa kwanza nilikuwa najiambia hivyo. Ati ni kama picha. Picha haiumwi." Akapiga magoti. "Leta mkono. Hapa chini ya mbavu. Usiogope."

Wakonyo alipiga magoti kwenye nyasi, akaweka kiganja. Ngozi ilikuwa na joto. Chini ya ngozi tumbo lilikuwa limekaza kama jiwe la kusagia, na lilitetemeka kwa mbali, mtetemo mwembamba usiokatika. Yeye mwenyewe alikuwa amezaa mara tatu na kuzika wawili. Aliujua mkazo ule. Alijua pia kwamba huja na kupita, na kwamba mtu huuvumilia kwa sababu hupita. Alisubiri upite. Alihesabu moyoni hadi mia mbili. Haukupita.

"Sasa umejua," Phelista alisema.

Walikula ugali na kuku. Wakonyo alishukuru, akanawa, akaenda zake.

Alifika nyumbani jua likiwa bado juu ya mikaratusi. Hakuvua koti. Aliingia chumbani, akamfunua mumewe shuka, akaweka kiganja chini ya mbavu za kulia, mahali ambapo kwa miezi ishirini na miwili alikuwa akipapitisha kitambaa bila kukawia kwa sababu ya mshono. Tumbo lilikuwa limekaza. Mtetemo ulikuwepo. Kati ya nyusi za Kagwe kulikuwa na mkunjo mmoja, na Wakonyo alikuwa ameuzoea hata akauona kuwa sehemu ya uso. Alihesabu hadi mia mbili.

Akamfunika. Akatoka uani, ambako Ciru alikuwa akimimina maziwa kwenye debe.

"Baba yako aliniambia maneno yake," Wakonyo alisema.

Ciru alimaliza kumimina, akafunika debe. "Ya pochi?"

"Ya pochi."

"Lini?"

"Kabla."

Ciru alifuta mikono kwa leso. "Mami, ukiyasema atakufa."

"Ndiyo."

"Na usipoyasema?"

"Mimi nikichoka, utamgeuza wewe. Na wewe ukichoka, watoto wako. Kesi zina maisha marefu." Akafikiri kidogo, kwa sababu hakupenda kusema jambo lisilo kamili. "Anaumwa, Ciru. Hajapumzika hata dakika moja. Nilikuwa najiambia amepumzika."

*

Mwisho wa mwezi wa tano, Makokha alipokwisha kusema manne yake na Phelista manne yake, Wakonyo alisimama kabla hakimu hajamwuliza.

"Kiatu," alisema. "Mvua. Ndugu. Chumvi."

Ndung'u aliandika. Makokha aligeuka kwenye kiti chake akamtazama, na Wakonyo alimwacha amtazame.

Pochi ilifunguka ukutani. Haikuwa tupu. Palikuwa na sarafu elfu arobaini na moja mia mbili na sita, idadi ileile ambayo kikundi kilinunua, hata moja haijapungua. Chini yake palikuwa na bei ya siku hiyo kwa sarafu moja, nayo ilikuwa sufuri.

Wakili wa Mbogo hakutabasamu. Alikuwa mtu wa kazi yake. Aliinuka akasema kwamba mahakama imejionea. Walinunua sarafu, na sarafu wanazo. Kama hakuna mtu duniani anayezitaka leo, hilo ni jambo la soko. Peris alisema ghala la Mbogo halijawahi kuwa na gorogoro hata moja ya mahindi. Wakili alisema ni kweli, na kwamba katika ukurasa wa thelathini na tisa wa masharti imeandikwa kwamba ghala ni mfano. Wote thelathini na mmoja walibonyeza palipoandikwa Nakubali. Peris alijibu kwa muda mrefu na vizuri. Hakimu aliandika yote, akasema atatoa hukumu baada ya wiki mbili.

Nje, Makokha hakuketi kwenye benchi.

"Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua, Baba Wekoye."

"Miaka miwili."

"Miaka miwili na wiki mbili."

"Watoto wangu wamekula mahindi ya duka, Mama Ciru. Ya duka! Mimi, Makokha. Nasimama kwa foleni na karatasi ya kilo mbili, watu wananiuliza, kwani wewe si una shamba? Na wewe unakaa hapa kwa benchi na mimi, unacheka maua ya serikali."

"Sikucheka," Wakonyo alisema. Ilikuwa kweli, lakini aliona haikusaidia. "Amri ikiondoka mume wangu ana siku tatu. Nne zikizidi."

Makokha aliigeuza kofia mkononi kama anayetafuta upande wa mbele. Phelista alikuwa amesimama kando yake, na ndiye aliyesema, "Mwache aende nyumbani. Wiki mbili si nyingi."

Hazikuwa nyingi. Wakonyo alizitumia kama kawaida. Alimpangusa mumewe asubuhi, akamgeuza, akamsomea bei. Alinunua dawa ya maumivu kutoka kwa tabibu Rotich, chupa mbili, akaziweka dirishani. Aliosha suti ya Kagwe, ile iliyoshonwa kwa ajili ya harusi ya Ciru ambayo haikutokea, akaianika. Wakonyo hakuona ubaya kuianika mapema, kwa sababu mwezi wa sita nguo hukauka polepole.

Siku ya hukumu hakwenda Bungoma. Yeye na Ciru walikaa kila mmoja upande wake wa kitanda. Saa nne na dakika ishirini Kagwe alivuta pumzi. Ilikuwa pumzi ya kwanza aliyoivuta kamili kwa miezi ishirini na mitano, na haikuwa na tofauti na pumzi nyingine. Kisha alipiga yowe fupi, na Ciru akampa dawa kwa kijiko.

Simu ililia dawa ilipokuwa imeanza kufanya kazi. Alikuwa Makokha. Wakonyo hakuwa ametarajia.

"Imeisha," Makokha alisema. "Ulaghai imeanguka. Ati hakuna kitu iliibiwa. Ile ya leseni imemshika. Faini laki tatu. Hakimu amesema sheria inaishia hapo, hata yeye hana njia. Mbogo amelipa kwa simu, Mama Ciru. Hata hakimu hajafunga kalamu, simu ya karani imelia, pesa imeingia."

"Na zetu?"

"Zetu tuko nazo. Si uliona kwa ukuta? Tuko nazo zote." Upande wake palisikika upepo. "Nimepigiwa na kijana kutoka shamba. Mahindi imeanza. Lakini ni mwezi wa sita, si wa tano. Itapata mvua ya kuchanua ama haitapata. Ng'ombe ya Phelista imezaa. Ndume."

"Mzima?"

"Mzima. Mzee je?"

"Amepumua."

"Haya," Makokha alisema. Akakata.

Kagwe aliishi siku tatu. Kwa hesabu yake mwenyewe alikuwa amelala jana na kuamka leo, kwa hiyo alishangaa kidogo kuona nywele za Ciru zimekatwa, akasema zimempendeza. Siku ya kwanza alizungumza mara chache. Siku ya pili, asubuhi, aliuliza alichokuwa akitaka kuuliza.

"Zimepanda?"

Wakonyo alikuwa amejitayarisha kwa swali hilo tangu mwaka uliopita. Kulikuwa na majibu kadhaa ambayo mke anaweza kumpa mume anayekufa, na aliyajua yote. Lakini alikuwa ameishi na mtu huyu miaka thelathini na sita, ikiwemo miwili ambayo mume hakuwa nayo, na hawakuwahi kupeana habari zisizo sahihi.

"Hapana," alisema. "Ziko zote, na hazina bei. Serikali ilimshtaki Mbogo. Imechukua miaka miwili. Amelipa faini ya leseni. Mahindi ya Makokha yalisimama na sasa yanaendelea. Nilisema maneno yako mbele ya watu."

Kagwe alitazama dari. "Kuna mtu aliyepata hasara kubwa kuliko sisi?"

"Wote wamepata."

"Ni mimi niliyewaambia."

"Ndiyo," Wakonyo alisema. "Ni wewe." Akamshika mkono, na hakuuachilia hadi jioni, isipokuwa mara mbili alipokwenda kumletea dawa.

Siku ya tatu hakuuliza kitu. Mkazo chini ya mbavu ulikuja na kupita, ukaja na kupita, na Wakonyo aliufuata kwa kiganja. Saa tisa na nusu alasiri ulipita na haukurudi. Mkunjo kati ya nyusi ulifunguka wenyewe. Wakonyo aliona kwamba alikuwa amesahau jinsi uso ule ulivyokuwa bila mkunjo huo.

*

Mkutano wa mchango wa mazishi ulifanyika uani Jumatano saa kumi alasiri. Viti vilikodiwa. Watu wa kanisa walikuja, majirani walikuja, na wanachama ishirini na watatu wa Ghala Moja walikuja, wengine kutoka Bungoma. Makokha alikaa safu ya pili. Jeneza lilikuwa limepatikana kwa shilingi elfu thelathini na nane, na fundi alitaka pesa zote kabla ya Ijumaa.

Kibe, mwenyekiti wa kamati, alisoma michango kutoka kwenye simu yake, kama ilivyo desturi, jina na kiasi, na kila jina lilipigiwa makofi matatu, liwe la elfu tano au la mia moja. Aliyetoa mia moja hupigiwa sawasawa na mwingine, ili asione haya. Alisoma majina kumi na manne. Alipofika la kumi na tano alisita, akaisogeza simu karibu na macho.

"Mbogo," alisoma. "Elfu arobaini. Ameandika: poleni sana kwa kumpoteza mwenyekiti wetu."

Kuku mmoja alipita kati ya viti. Kibe alimtazama mjane, na watu wengine wakamtazama pia, Phelista na Makokha wakiwa miongoni mwao.

Wakonyo alitazama mikono yake mapajani. Alikuwa akipiga hesabu, na hesabu haikuwa ngumu. Michango kumi na minne ilikuwa imefika elfu kumi na moja na mia sita.

"Andika," alisema.

Kibe aliandika. Kwa kuwa jina lilikuwa limesomwa, watu wakapiga makofi matatu. Kisha akasoma jina lililofuata.